Kalemie: Satelite inasoma rangi ya ziwa Tanganyika, lakini nani anaipima satelite?

KALEMIE – Mama anayenunua ndakala asubuhi ufukweni mwa Kalemie hatazami samaki peke yake. Anatazama pia mizani. Mizani ikidanganya kwa gramu 100 katika kila kilo, hasara haionekani pale pale; inaonekana baadaye, mzigo unapofika sokoni na kupimwa upya. Ndiyo sababu mwenye mashaka huweka kwanza juu ya mizani kitu ambacho uzito wake unajulikana, kisha ndipo anamwaga samaki.

Kuna mizani nyingine inayopima ziwa hilo hilo karibu kila siku, na wakaaji wengi wa Kalemie hawajawahi kuiona. Ni satelite zinazopita juu ya mji kwa urefu wa mamia ya kilomita, zikisoma rangi ya maji kuanzia Uvira hadi Mpulungu. Kutokana na rangi hiyo, wachunguzi wanakadiria kiasi cha mimea midogo sana inayoelea majini, ile ambayo ni chakula cha kwanza cha ziwa lote. Swali ni lile lile la mama wa ufukweni: mizani hii imepimwa na nini?

Kwa Kalemie swali hilo si la wasomi peke yao. Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zimepatana kupumzisha ziwa kwa miezi mitatu kila mwaka. Mwaka wa 2024, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane. Mvuvi anayeambiwa aanike nyavu zake kwa siku tisini ana haki ya kuuliza namba zinazotumiwa kusema kwamba samaki wanapungua zinatoka wapi, na kama ni za kweli.

Kijani kinacholisha ndakala

Maji ya ziwa Tanganyika ni safi kuliko ya maziwa mengi ya eneo hili. Mbali na ufuko, mara nyingi mtu anaweza kuona kitu cheupe kikizama hadi mita 10 na zaidi. Usafi huo una maana yake: mimea midogo majini ni michache. Kila mmea huo una klorofili, ile rangi ya kijani inayopatikana pia katika majani ya muhogo. Katika ziwa Tanganyika, klorofili mara nyingi ni kama miligramu moja tu, au chini yake, katika mita moja ya ujazo ya maji.

Kidogo hicho ndicho kinachobeba kila kitu. Wadudu wadogo wa majini wanakula mimea hiyo, ndakala wanakula wadudu hao, mikebuka wanakula ndakala, na watu wa Kalemie wanakula na kuuza vyote viwili. Kijani kikipungua chini, mnyororo wote unatikisika hadi kwenye beseni la muuzaji.

Satelite inatumia kanuni rahisi. Klorofili inameza mwanga wa bluu na kuacha wa kijani. Maji yenye mimea michache yanarudisha bluu nyingi. Yenye mimea mingi yanaelekea kijani. Chombo kilicho angani kinalinganisha rangi hizo mbili, kisha hesabu inageuza tofauti hiyo kuwa namba ya klorofili. Chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa kazi hiyo kilirushwa na Marekani mwaka wa 1978. Kilifuatwa na SeaWiFS mwaka wa 1997, halafu MODIS juu ya satelite Aqua mwaka wa 2002. Ulaya ilileta Sentinel-3 ya kwanza mwaka wa 2016 na ya pili mwaka wa 2018. Mwezi wa pili mwaka wa 2024, Marekani ilirusha satelite PACE, inayosoma rangi nyingi zaidi kuliko zile zilizotangulia.

Sehemu moja kwa kumi

Ugumu unaanza na hewa. Ukigawanya mwanga unaofika kwenye jicho la satelite katika sehemu 100, zaidi ya sehemu 90 kwa kawaida zimetoka katika anga: hewa yenyewe, vumbi, moshi, na mng'ao wa jua juu ya mawimbi. Sehemu zilizotoka ndani ya maji, zile zinazobeba habari ya ziwa, hazifiki hata 10. Inabidi kwanza kukadiria mchango wa anga na kuutoa, ili kubaki na kile kidogo cha maji.

Hapo ndipo kosa dogo linakuwa kubwa. Chombo kikikosea kwa asilimia 1 tu katika mwanga wote kinaoupokea, namba ya mwanga uliotoka majini inaweza kukosewa kwa asilimia 10 au zaidi. Kwa ziwa lenye kijani kidogo kama Tanganyika, kosa la namna hiyo linatosha kuugeuza mwaka mbaya kuwa mwaka mzuri, au kinyume chake.

Kwa hiyo kuna kazi mbili zisizokwepeka. Ya kwanza ni usawazishaji: kuhakikisha chombo chenyewe hakijalegea. Ya pili ni uhakiki: kulinganisha namba ya satelite na maji yaliyochotwa kwa mkono mahali pale pale, saa ile ile.

Usawazishaji unaanza katika maabara kabla ya kurusha, lakini hauishii hapo. Mtikisiko wa kurushwa, mwanga mkali wa jua na miaka angani vinachosha vioo na vipokezi. Kwa sababu hiyo SeaWiFS iligeuzwa mara moja kila mwezi kuutazama mwezi, siku ambazo mwezi unakaribia kujaa. Mwezi hauna hewa, hauna mvua, na uso wake haubadiliki kwa namna inayoweza kuonekana katika maisha ya chombo. Chombo kikiuona mwezi umefifia, basi ni jicho lake lenyewe limefifia, na hesabu inarekebishwa. Wavuvi wa ndakala wanaujua mwezi kwa njia nyingine: siku hizo za mwangaza taa zao hazivuti samaki, na wengi wanabaki nchi kavu.

Hatua ya mwisho ya usawazishaji inafanyika baharini, mbali sana na Kongo. Karibu na kisiwa cha Lanai, huko Hawaii, kuna boya lenye vyombo vya kupima mwanga linaloitwa MOBY. Linafanya kazi tangu mwaka wa 1997. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu maji ni safi na hayabadilikibadiliki, na hewa haina vumbi jingi. Satelite inapopita, kipimo chake kinalinganishwa na cha boya, na tofauti inageuzwa kuwa kirekebisho. Wafaransa na washirika wao wana boya la namna hiyo katika bahari ya Mediterania, kati ya Nice na kisiwa cha Corsica, linaloitwa BOUSSOLE.

Kirekebisho kilichopatikana Hawaii kinatumika duniani kote. Maana yake, picha ya MODIS inayoonyesha rangi ya maji mbele ya bandari ya Kalemie imesawazishwa kwa maji ya bahari ya Pasifiki.

Kalemie si Hawaii

Kwa chombo chenyewe, utaratibu huo ni mzuri. Lakini hautoshi kuamini namba ya mahali. Maji na hewa ya Kalemie vina mambo manne ambayo boya la Hawaii halikutani nayo.

La kwanza ni udongo. Wakati wa mvua, mito midogo kama Lubuye inashusha matope ziwani, na miteremko iliyokatwa miti inaongeza mengine. Hesabu ya bluu na kijani ilitengenezwa hasa kwa bahari wazi, ambako kinachobadilisha rangi ya maji ni mimea. Karibu na ufuko, matope nayo yanapunguza bluu. Hesabu isiyojua hivyo itasoma udongo kama mimea, na kutangaza chakula kingi cha samaki mahali ambapo kuna tope tu.

La pili ni moshi. Wakati wa kiangazi, hasa kati ya mwezi wa sita na wa tisa, moto wa pori unajaza anga la kusini mwa Kongo na nchi jirani. Chembe za moshi zinameza mwanga wa bluu kwa nguvu, na kuzitoa katika hesabu ni kugumu kuliko kutoa chumvi ya hewa ya bahari.

La tatu ni urefu wa ziwa. Bahari iko kwenye mita 0. Uso wa ziwa Tanganyika uko juu ya mita 770. Hewa iliyo juu yake ni pungufu kuliko ile iliyo juu ya bahari. Programu isiyoambiwa urefu huo itatoa bluu nyingi kupita kiasi, na ziwa litaonekana lina kijani kuliko lilivyo.

La nne ni nchi kavu yenyewe. Chembe moja ya picha ya MODIS kwa rangi za maji inafunika karibu kilomita moja kila upande. Ya Sentinel-3 inafunika mita 300. Karibu na ufuko, mwanga wa milima, majani na mabati ya nyumba unamwagikia kwenye chembe ya maji iliyo jirani. Mitumbwi mingi midogo inavua katika maji hayo hayo, ambayo satelite inayasoma vibaya zaidi.

Nani amechota maji?

Uhakiki unahitaji boti, na boti zimekuwa na njia zake. Katika miaka ya 1990, mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa Tanganyika wa FAO, uliogharimiwa na Finland, ulikuwa na vituo vikuu Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Katika miaka ya 2000, mradi wa Ubelgiji ulioitwa CLIMLAKE ulichota maji kwa ratiba huko Kigoma na Mpulungu, pamoja na safari za meli za kulizunguka ziwa. Kigoma iko Tanzania, kaskazini-mashariki mwa ziwa. Mpulungu iko Zambia, kwenye ncha ya kusini.

Sampuli za wakati huo ndizo zilizofungua njia ya satelite. Mwaka wa 2010, katika jarida la Remote Sensing of Environment, Stéphanie Horion na wenzake, kisha Nadia Bergamino na wenzake, walichapisha kazi mbili juu ya ziwa Tanganyika wakitumia picha za MODIS tangu mwaka wa 2002. Walichuja picha zilizoharibiwa na mawingu na hewa chafu, wakalinganisha zilizobaki na vipimo vya majini, halafu wakafuatilia jinsi kijani kinavyobadilika kwa msimu na kwa eneo. Kati ya watafiti hao walikuwamo Jean-Pierre Descy na Pierre-Denis Plisnier, waliolichunguza ziwa hili kwa miaka mingi.

Kazi hiyo ilionyesha kwamba ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650 linaweza kufuatiliwa kutoka angani. Ilionyesha pia kwa nini mahali panahesabika: ziwa halibadiliki lote kwa pamoja. Upepo wa kusini-mashariki, unaovuma kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Upande wa kusini, maji ya baridi yenye mbolea yanapanda kutoka chini na kulisha mimea. Kinachotokea Mpulungu mwezi wa saba si lazima kitokee Kalemie mwezi huo huo.

Kalemie iko ufuko wa magharibi, karibu katikati kabisa ya urefu wa ziwa. Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko nchi zote nne, karibu asilimia 45 ya ziwa. Hata hivyo, vituo vilivyochota maji kwa ratiba ndefu, wiki baada ya wiki, vilikuwa ng'ambo.

Saa tatu za kulinganisha

Jinsi ya kufanya uhakiki si siri. Sentinel-3 inapita karibu saa nne asubuhi. Timu inapaswa kuwa majini, mbali kidogo na ufuko, na kuchota maji ndani ya muda usiozidi saa tatu kabla au baada ya satelite kupita. Zaidi ya hapo, upepo na jua vinabadilisha maji, na ulinganisho unakosa maana.

Chombo cha kwanza ni sahani nyeupe yenye kamba iliyopigwa alama za mita. Iliundwa na padre Mwitaliano Angelo Secchi, aliyeijaribu katika bahari ya Mediterania mwaka wa 1865. Inashushwa polepole hadi isionekane tena, kisha kamba inasomwa. Fundi yeyote wa Kalemie anaweza kuitengeneza. Cha pili ni kichujio cha nyuzi za glasi: lita za maji zinapitishwa, mimea inabaki juu yake, na klorofili inapimwa baadaye katika maabara. Cha tatu ni chombo cha mkononi cha kupima mwanga unaotoka majini, rangi kwa rangi. Hicho ndicho ghali, na chenyewe kinahitaji kusawazishwa mara kwa mara.

Gharama kubwa iko katikati, kati ya boti na maabara. Kichujio chenye klorofili kinaharibika haraka kikikaa kwenye joto na mwanga; kinahitaji giza na barafu kali bila kukatika. Katika mji ambamo umeme unakatika, frigo isiyo na betri au jenereta inaweza kupoteza kazi ya mwezi mzima kwa usiku mmoja. Kuna pia mawingu: wakati wa mvua, timu inaweza kulipa mafuta, kuchota maji vizuri, na picha ya siku hiyo ikatoka nyeupe tupu. Kwa hiyo safari tano haziwezi kuhakiki satelite. Inahitajika ratiba ya miaka.

Tena kazi haiishi mara moja. Aqua imezeeka na njia yake angani imeanza kusogea. Kila satelite mpya inayochukua nafasi ina jicho lake na hesabu yake. Bila sampuli za maji zinazounganisha ya zamani na mpya, mchunguzi akiona klorofili imeshuka hawezi kujua kama ni ziwa limebadilika au ni chombo kimebadilishwa.

Joto au nyavu?

Uzito wa jambo unaonekana katika mabishano ambayo hayajazimika kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka wa 2003, Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na mbolea ya chini haipandi vya kutosha. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo umeshuka kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30.

Mwaka wa 2006, watafiti wengine wakiongozwa na Jouko Sarvala walijibu kwamba takwimu za mavuno haziungi mkono hoja hiyo. Kwao, kupanda na kushuka kwa samaki wanaovuliwa kunaonyesha hasa mabadiliko ya uvuvi wenyewe: idadi ya mitumbwi, aina za nyavu, na mahali watu wanapovua.

Kwa mvuvi wa Kalemie, tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa. Ikiwa tatizo ni nyavu, basi kufunga ziwa miezi mitatu na kuzuia nyavu za matundu madogo kunaweza kumrudishia samaki. Ikiwa chakula cha samaki chenyewe kinapungua kwa sababu ya joto, mvuvi anaweza kuvumilia siku tisini kila mwaka na bado asione mavuno ya zamani. Hapo angehitaji msaada wa aina nyingine na kazi nyingine. Inawezekana pia mambo yote mawili yanakwenda pamoja, kila moja kwa kiasi chake.

Satelite zina kumbukumbu ya zaidi ya miaka ishirini ya rangi ya ziwa, siku baada ya siku. Hakuna meli inayoweza kutoa kitu kama hicho. Lakini kumbukumbu hiyo itasaidia kukata shauri ikiwa tu imehakikiwa pande zote za ziwa, pamoja na ule ambao Kongo inausimamia.

Kinachowezekana

Picha zenyewe hazigharimu. Data za Sentinel na za NASA zinapatikana bure kwa yeyote mwenye intaneti na kompyuta. Mpango wa Ulaya wa Copernicus unatoa pia vipimo vya maji ya maziwa mengi ya dunia vikiwa vimekwisha kuhesabiwa. Kinachokosekana ni maji yaliyochotwa.

Kongo ina mahali pa kuanzia. Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Elimu ya Maji, CRH, chenye historia inayorudi nyuma hadi wakati wa ukoloni. Kalemie kuna chuo kikuu, UNIKAL. Nchi nne zina Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, iliyotokana na mkataba uliotiwa sahihi mwaka wa 2003. Mwaka wa 2023, kundi kubwa la wanasayansi likiongozwa na Plisnier lilichapisha wito wa kutaka maziwa makubwa ya Afrika yapimwe kwa muda mrefu na kwa njia moja, ili namba za nchi moja ziweze kulinganishwa na za jirani.

Kituo kimoja mbele ya Kalemie, kikichota maji mara mbili kwa mwezi, kingekuwa na faida hata siku za mawingu. Kingeonyesha matope yanapofika na yanapotoweka. Kingewapa viongozi wa jimbo namba yao wenyewe ya kuweka mezani wakati nchi nne zinapozungumza juu ya tarehe za kufunga na kufungua. Na wavuvi, ambao wako ziwani kila usiku wa giza, wanaweza kuwa sehemu yake: sahani ya Secchi haihitaji diploma, inahitaji mtu mwaminifu wa kuandika mita na saa.

Kesho karibu saa nne asubuhi, mawingu yakiruhusu, satelite itapita tena juu ya Kalemie. Itasoma rangi ya maji na kutuma namba. Wakati huo ndakala wa usiku watakuwa wamekwisha kuanikwa juani, na kila kilo iliyouzwa itakuwa imepita kwenye mizani. Namba ya satelite bado inasubiri jiwe lake la kupimia.